Mji Unaojua Kila Kitu

"Siku ile ya kuuza, nani alikunywa?"

Hilo ndilo swali la kwanza alilouliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwa mama mdogo, kofia juu ya goti, na mama mdogo alikuwa amekwisha kupanga mezani kila alichonacho: hati ya mauzo yenye alama za vidole, risiti ambazo wino wake umeanza kufifia, picha ya marehemu mume wake akiwa amesimama juu ya mawe meusi ya parseli yao, kiwanja chao kule Kyeshero, mjini Goma, upande wa ziwa Kivu. Mzee hakugusa hata karatasi moja.

"Unauliza nini, Afande?"

"Nauliza nani alikunywa, Mama. Huku kwetu parseli haiuzwi bila kreti ya bia. Mwenye kuuza alikuja na ndugu zake, mwenye kununua alikuja na wake, nyumbakumi alikuwako. Karatasi, mtu anaweza kutengeneza ingine. Wale waliokunywa, hawezi kuwatengeneza tena."

Mama mdogo akafumba macho, akaanza kutaja majina. Mzee akafungua daftari la shule na kuandika.

Wiki zimepita tangu jioni ile, na swali lake halijaniacha.

## Kazi isiyo na kibao

Mzee huyu alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Sitamtaja jina wala mtaa wake. Siku hizi yuko nyumbani, analima mboga nyuma ya nyumba, na watu wanamfuata hukohuko. Familia inataka kujua kama mchumba wa binti yao ana mke mwingine Butembo. Mwenye duka anataka kujua mali yake inatoka vipi usiku wakati kufuli ni nzima. Na wajane. Wajane ni wengi kuliko wote, na karibu wote wanakuja na jambo moja: parseli.

Hana ofisi, hana kibao mlangoni. Anaomba nauli ya pikipiki, yuniti za simu na daftari jipya. Mengine, anasema, mtatazama wenyewe mwishoni.

Nilipokuwa kijana nilisoma sana vile vitabu vya Kifaransa vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara, na ndani yake alikuwamo mtu wa namna hii. Ni mwanajeshi aliyerudi kutoka Vita ya Pili ya Dunia. Anakodi chumba katika mji wa pwani, anapokea mteja anayelia, na kidogo kidogo anakuta meya, mkuu wa polisi na mwenye kasino wanakula sahani moja. Nilivipenda vitabu hivyo. Nilipenda hasa kwamba mtu yule hakuwa na mtu wake pale mjini: hana shemeji ofisini kwa meya, hana mtoto anayesoma darasa moja na mtoto wa kamanda. Anauliza anachotaka, analala hotelini, na kesi ikiisha anapanda treni.

Mzee wetu hana treni ya kupanda. Mke wake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Wajukuu zake wanasoma hapa. Mtu anayemchunguza leo, Jumamosi watakaa benchi moja kwenye matanga.

Kwa muda nilidhani huo ndio udhaifu wake.

## Mstari juu ya maji

Miji iliyo kando ya maji ina jambo moja la kufanana, hata ikiwa bahari na bara vinaitenganisha. Ina mstari. Upande huu sheria hii, upande ule sheria nyingine, na katikati kuna watu wanaoishi kwa kuvusha.

Mwaka 1938 mtu mmoja aitwaye Tony Cornero alitia nanga meli ya kamari, Rex, mbele ya Santa Monica huko California, mbali kidogo ya maili 3 ambazo, kwa hesabu yake, ndipo mkono wa jimbo ulipokomea. Mashua zilichukua wateja gatini na kuwarudisha mchana na usiku. Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa jimbo, Earl Warren, akaamuru meli zile zivamiwe. Vita ikaja, vita ikaisha, na mwaka 1946 Cornero alikuwa amerudi na meli nyingine, Lux, safari hii mbele ya Long Beach. Ilibidi Marekani itunge sheria ya nchi nzima, mwaka 1948, ili meli za kamari zikome.

Kinachonishangaza si Cornero. Wafanyabiashara wa aina yake wapo kila mahali. Ni zile mashua. Huwezi kuvusha watu vile, mbele ya macho ya mji mzima, usiku baada ya usiku, kama watu fulani waliobaki nchi kavu hawajakubali kugeuza uso.

Goma imekua juu ya mstari wa namna hiyo. Barrière kubwa, Barrière ndogo, vivuko vya mpaka wa Rwanda, na Gisenyi hatua chache tu. Na imepata kuwa mji wa baada ya vita mara nyingi kiasi kwamba wadogo zangu hawaelewi nikisema hivyo namaanisha vita ipi. Lakini kila mara bunduki zinaponyamaza, hata kidogo tu, nimeona jambo lilelile: ardhi inapanda bei, na ya ziwani inapanda kabla ya zote. Baada ya 2003 majumba yaliota mtaa wa Himbi, ukuta baada ya ukuta, mpaka mtu akawa anaweza kutembea muda mrefu pembeni ya ziwa bila kuliona ziwa. Tena ilikuwa ardhi yenye historia ya kuchanganya. Lava ya volkano Nyiragongo, tarehe 17 Januari 2002, ilizika mitaa pamoja na mipaka yake. Watu walirudi kujenga juu ya mawe wakionyeshana kwa vidole kwamba uzio ulipita hapa, mwembe ulisimama pale.

Mahali ambapo mpaka unakaa kichwani mwa watu, mwenye kumiliki muhuri ana nguvu kubwa mno.

## Miaka miwili

Sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo wote ni wa Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, ile tunayoiita sertifika. Wengi wa wazazi wetu hawakufika kwenye sertifika. Walikuwa na hati ya mauzo, labda na fishi ya parseli, karatasi ya kuitambulisha, wakaona inatosha, kwa sababu jirani alijua na nyumbakumi alijua.

Sheria hiyohiyo inaongeza jambo ambalo ningetamani kila mjane wa mji huu alijue. Miaka 2 ikipita tangu sertifika itolewe, haishambuliki tena. Aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia kwa aliyemdhulumu. Karatasi yenyewe inabaki imesimama.

Kwa hiyo anayetaka parseli ya mjane hahitaji bunduki. Anahitaji mtu mmoja mwenye muhuri, na miaka miwili ya ukimya.

Bwana aliyefika Kyeshero na lori la mawe na mafundi alikuwa na sertifika. Alimwonyesha mama mdogo kwa adabu, akamwita Mama, akasema anasikitika sana, yeye pia ameuziwa. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa imevuka miaka miwili kwa miezi michache tu. Ilitolewa na ofisi moja ya hapa mjini ambayo haikuwahi kumwita mjane, haikuwahi kubandika kitu kwenye uzio wake, wala kumuuliza yule mzee sentineli, mlinzi, aliyekuwa akilima maharage ndani ya parseli hiyo.

Yaani kuna watu walikaa na kuhesabu miezi. Jambo hilo lilinikosesha usingizi kuliko wizi wenyewe.

## Walikulipa vizuri?

Nilidhani Mzee angeanzia ofisini. Hakwenda ofisini hata siku moja katika wiki za kwanza. "Kule watanipa karatasi," alisema. "Karatasi ninayo tayari. Nataka miguu."

Kupima parseli kunahitaji watu. Kuna anayeshika kamba, anayesimama na mti upande wa pili, anayechimba mashimo ya zile nguzo fupi za saruji. Nguzo hazitembei, mtu alizibeba. Akaanza kukaa kwenye kona ya avenyu, saa ambazo vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanapumzika, akinunua karanga, akizungumza habari za bei ya mbao. Niliandamana naye baadhi ya siku. Sikusikia akitaja parseli.

Siku moja kijana mmoja akasema mwenyewe kwamba aliwahi kubeba nguzo kupeleka kule chini, karibu na ziwa.

Mimi ningemuuliza: nani alikutuma? Mzee akamuuliza: "Walikulipa vizuri?"

Uso wa kijana ukabadilika. Walimpa nusu. Nusu nyingine walimwambia arudi Jumatatu, na Jumatatu ile haijafika mpaka leo. Alikumbuka wiki yenyewe kwa sababu mtoto wake wa kwanza alizaliwa siku mbili kabla, naye alikuwa akitegemea pesa zile zitoe mama na mtoto kituo cha afya. Alikumbuka gari, rangi yake, na jinsi mpimaji alivyokuwa akitazama saa. Alimkumbuka mtu mwingine aliyekuwapo, akiwaonyesha mpaka unapopita.

Alikuwa mmoja wa wale waliokunywa.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeelewa kwa nini hakugusa karatasi mezani kwa mama mdogo. Anayedaiwa anasahau. Anayedai ana tarehe, saa na hali ya hewa.

## Robine

Baada ya hapo daftari lilijaa kwa haraka, na kwa namna iliyonitia huzuni. Mama auzaye mkaa aliona kamba zikinyoshwa. Fundi wa ukuta wa jirani aliombwa koleo. Sentineli aliambiwa asijisumbue, ni watu wa Serikali wanapima mtaa wote. Nyumbakumi alijua. Mwalimu anayekaa pembeni alijua. Kwa miaka miwili avenyu nzima ilijua kwamba parseli ya mjane imepimwa kwa jina lingine, na mjane, anayekaa avenyu tatu juu yao, anayesali nao, hakuambiwa.

Kwa nini?

Nilikuwa na jibu langu tayari, jibu la hasira. Walipewa matabishi. Mzee akatikisa kichwa. Hakuna aliyepewa pesa. Alinipeleka mpaka mwanzo wa avenyu, akanionyesha robine, bomba la maji.

Wasiokaa Goma huenda wasielewe robine ni nini. Ziwa lote lile liko hapo chini, na bado maji ya kunywa ni kazi ya kutwa: wanawake na watoto wenye bidoni za njano, kushuka ziwani, kutia klorini, kupanda tena juu ya mawe. Wasichana wanashuka alfajiri na wazazi wanabaki na roho juu mpaka wawaone wamerudi. Robine kwenye avenyu yako inamaanisha binti yako haendi ziwani gizani.

Yule bwana aliileta muda mfupi baada ya nguzo kuchimbiwa. Aliwaita wazee wa avenyu, akasema atakuwa jirani yao, hawezi kujenga nyumba nzuri huku jirani zake hawana maji. Kuhusu parseli, akasema, kuna mazungumzo kati yake na familia ya marehemu, yanakwenda vizuri, wasiingilie. Hakuna aliyeombwa kusema uongo.

Tulipomweleza mama mdogo alikaa kimya kwa muda mrefu. Nilidhani analia kwa ajili ya majirani.

"Afande," akasema, "mimi pia nilichota. Watoto wangu banachota pale paka leo. Nilimshukuru huyu baba kwenye kanisa, mbele ya watu."

Mzee akafunga daftari. Kazi ya siku hiyo iliishia hapo.

## Alichogundua

Ni hapa nilipokwama kwa wiki.

Mzee aligundua nini? Nikijibu kwa ukweli: hakuna. Kila neno lililomo katika daftari lile lilikuwa tayari linajulikana na mtu fulani kabla yeye hajanunua karanga zake. Katika vile vitabu vya ujanani mwangu ukweli umefichwa chini ya sakafu, na mpelelezi anaufukua. Huku kwetu ukweli uko juu ya meza. Uliza mtu yeyote mtaani Birere pesa ngapi zinapita wapi, kwa mikono ya nani, siku gani ya wiki. Atakuambia, tena kwa kicheko. Halafu mwambie aandike jina lake chini ya hayo aliyosema.

Tunasema rushwa inaishi gizani. Sioni hivyo tena. Kwetu inaishi mchana kweupe, na nguvu yake ni kwamba imemgusa kila mtu kidogo. Mmoja amepata maji. Mwingine kazi ya siku mbili. Mwingine amepata tu kuachwa kwa amani. Ninakataa kuwaita watu wa avenyu ile wezi. Mama aliyeokoa binti yake na safari ya alfajiri hakuiba parseli ya mtu. Lakini uzito wote wa wizi ule ulikalia mabega yao, na waliomiliki muhuri walijua utakalia pale.

Na hapo ndipo nilipoacha kumwonea Mzee huruma kwa kuwa hana treni. Mgeni wa hotelini asingepata hata neno. Kijana wa chukudu alizungumza kwa sababu mke wa Mzee humuuzia sambaza kwa mkopo. Mama wa mkaa alizungumza kwa sababu walizika pamoja mtu mmoja baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2021. Kilichomfunga na mji huu ndicho kilichofungua midomo.

Bado swali lingine likabaki. Akishayatoa mdomoni na kuyaweka kwenye daftari, anayapeleka wapi?

## Nyumba ya ng'ambo ya barabara

Los Angeles ya miaka ya 1930 nayo ilikuwa mji unaojua kila kitu. Kasino na madanguro yalifanya kazi chini ya pua ya polisi, na ndugu wa meya Frank Shaw, aliyekuwa karani wake, alisemwa mji mzima kwamba anauza vyeo vya polisi. Clifford Clinton, mwenye mikahawa ambako mtu asiye na pesa alikula vilevile, aliingia katika baraza la raia wanaochunguza makosa, mwaka 1937, akaanza kuandika aliyoyaona. Wakaguzi wa afya wakaanza kukuta uchafu katika mikahawa yake. Mwezi Oktoba mwaka huo bomu likalipuka nyumbani kwake.

Watu wa upande wa Clinton walikuwa wakifanya kazi na mpelelezi wa binafsi, Harry Raymond, polisi wa zamani aliyewahi kuongoza polisi wa San Diego na wa Venice, mji mdogo wa pwani. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1938 Raymond aliwasha gari lake, nalo likalipuka. Vipande zaidi ya 100 vilimwingia mwilini. Akapona.

Walipochunguza walikuta kwamba kikosi cha siri cha polisi wenyewe kilikuwa kimekodi nyumba ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Raymond, na kwa wiki kadhaa kilikuwa kikimtazama na kusikiliza simu yake. Kiongozi wa kikosi, kapteni Earl Kynette, alihukumiwa mwaka huohuo. Mwezi Septemba wapiga kura wakamwondoa Shaw katikati ya muhula wake na kumweka jaji Fletcher Bowron.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara ninasimama kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba yote aliyojua Raymond yalijulikana pia na mhudumu wa baa, dereva wa teksi, mpiga karata. Kilichokuwa tofauti ni kwamba palikuwa na mahakama iliyokubali kusikiliza, redio ambako Clinton alisema, na kisanduku cha kura. Daftari la mpelelezi lilikuwa na mlango wa kugonga. Na hata hivyo ilibidi kwanza damu imwagike ndipo mlango ufunguke, jambo ambalo wanaoisimulia kama habari ya ushindi hulipita mbio.

La pili ni ile nyumba ya ng'ambo ya barabara.

## Floribert

Sisi wa Goma hatuhitaji kwenda California kutafuta mfano. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria. Katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio alikuwa akiwakusanya maibobo, watoto wa mitaani, akiwafundisha, akitaka wakae darasani na meza moja na wengine. Mwaka 2007 alifanya kazi OCC, ofisi inayokagua bidhaa, akishughulikia zilizoharibika. Wakamletea pesa ili apitishe mchele ulioharibika mpakani. Akakataa. Wakamsukuma, akakataa tena. Julai mwaka huo wakamteka na kumuua. Alikuwa na miaka 26.

Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, na wengi wetu tulifuatilia kwenye simu, mji ukiwa katika hali ile ya vita tunayoijua.

Floribert hakuwa mpelelezi. Lakini nimekuwa nikifikiri kazi yake na ya Mzee ni moja. Hakuna aliyehitaji kugundua kwamba mchele ule umeoza. Waliomletea pesa walijua umeoza. Ndiyo maana walileta pesa. Walichotaka kwake ni karatasi inayosema vinginevyo. Yeye alikuwa mtu wa mwisho kati ya jambo linalojulikana na jambo lililoandikwa, na akakataa viwe viwili.

Ninamheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Mama zetu walipika, watoto wakala, na hawakuugua, na hawakujua jina la aliyewakinga.

Sitaki mwingine auawe kama yeye.

Nasema hivi kwa sababu nasikia tunavyohubiri habari zake. Tunawaambia vijana: uwe kama Floribert. Sijasikia tukiwaambia wakubwa wa ofisi: msimwache Floribert peke yake kwenye meza ile. Mtu mmoja, kalamu moja, simu inayolia usiku. Ikiwa uaminifu katika mji huu unadai kila mara mtu wa miaka 26 aliye tayari kufa, basi tumewatwisha vijana mzigo ambao ni wetu sote.

## Majina

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu Mzee aliponiletea daftari nilipige chapa kwa Kifaransa, liwe dosye, jalada la kesi.

Mashahidi walikuwa wamekubali kuweka vidole. Kijana wa chukudu kwanza. Mama wa mkaa. Sentineli. Wa mwisho, baada ya kukataa na kukataa, ni mama anayeshika ufunguo wa robine. Yeye ndiye aliyesikia maneno yote ya siku ile ya wazee. Alikuja usiku, akaweka kidole, akasema: "Nilikuwa naona mutoto wa huyu mama anakuja na bidoni, nafungua maji, siwezi kumutazama."

Mzee alitaka majina yote yawe kwenye kila ukurasa. "Shahidi bila jina ni upepo," alisema. "Nimeona dosye ngapi zinakufa hivyo."

Nilimwambia juu ya nyumba ya ng'ambo ya barabara. Tulibishana jioni nzima, yeye kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuhoji, mimi kwa sauti iliyopanda kuliko heshima inavyoruhusu. Nilisema hatuna haki ya kuchukua ujasiri wa mama wa robine na kuusambaza katika ofisi ambazo hatujui nani anakaa ndani. Nilisema Floribert angalau alichagua meza yake. Akajibu kwamba ninaogopa kwa niaba ya watu ambao wao wameacha kuogopa, na kwamba hiyo nayo ni dharau.

Kuna ukweli katika neno hilo. Bado sikukubali.

Tulichofikia ni hiki. Dosye ina maneno ya kila shahidi na tarehe zake, bila majina. Majina na vidole viko katika bahasha iliyofungwa, mikononi mwa wakili, na itafunguliwa mbele ya jaji tu, jaji atakapoiomba. Sertifika imevuka miaka yake miwili, kwa hiyo wakili atapigania kwamba ilizaliwa kwa udanganyifu, na ikishindikana atadai fidia kwa waliogonga muhuri. Hakutuahidi kitu. Na kwa sharti la Mzee mwenyewe, ukurasa wa kwanza una jina lake kamili, na anwani yake, na namba yake ya zamani ya kazi. Nilijaribu kumzuia hata hapo. Alisema mtu mmoja lazima aonekane, na yeye ameshakula umri wake.

Jina la pili ni la mama mdogo. Maelezo yake nilimsomea mara mbili, naye akayasahihisha: tarehe ya kununua, kiasi, waliokunywa. Kisha akataka kuongeza kitu mwishoni. Kwamba vyovyote mahakama itakavyoamua, robine isiondolewe.

Mzee akasema sentensi hiyo haina kazi katika dosye, jaji ataona inampa yule bwana sifa.

"Andika," mama mdogo akaniambia. "Haya maji, hata mimi nilishayalipa."